Soksi Ngazini

Angeline hakuruhusu viatu ndani ya nyumba yake, na hakuona kwa nini siku ya kuhama iwe tofauti. Ngazi alikuwa amezipaka rangi mwenyewe wiki iliyopita, ili mwenye nyumba akija kukagua asipate cha kusema. Rangi ya kijivu, ya kung'aa. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi, hapo Birmingham, mumewe Cleopas na rafiki yao Léopold walivua viatu mlangoni, wakaviacha juu ya gazeti, wakawa wanapanda na kushuka na mizigo kwa soksi.

"Hata leo, Mama Brigid?" Léopold aliuliza.

"Kwani leo barabara ya Selly Oak imeoshwa?"

Léopold akacheka, akainama kufungua kamba za viatu. Alikuwa mtu wa Bukavu, mpana wa mabega, mwenye sauti nzito ambayo kwaya nzima ya kanisa iliiegemea, na tangu wajuane hakuwahi kumshinda Angeline kwa maneno. Cleopas hata hakujaribu. Alivua viatu vyake kimya, kama anavyovivua kila siku akitoka zamu hospitalini.

Kufikia saa nne vyumba vilibaki vitupu. Vitanda vilifunguliwa, makochi yakaingia kwenye gari la mizigo walilokodi. Binti yao Brigid alikuwa chini sebuleni akifunga vyakula vya jikoni. Juu kulibaki vyuma viwili vitatu vya vitanda, mwavuli uliosahauliwa kwenye mlango wa bafu, na friza.

Ilikuwa friza ndefu, ya kufunguka kwa juu kama sanduku. Ilikaa chumba cha nyuma ghorofani kwa sababu jiko la nyumba ile halikutosha hata watu wawili kupishana. Miaka ile walipoipandisha ilikuwa tupu, na wanaume haohao waliibeba huku wakipiga soga. Leo ndani yake kulikuwa na mbuzi wawili, waliokatwa mafungu, wakafungwa kwenye mifuko na kugandishwa wakawa mawe. Walikuwa wa sherehe ya kesho. Sylvie, mke wa Léopold, alikuwa amefuzu unesi, na baada ya ibada watu wangekuja kula kutoka kila pembe ya mji, kuanzia wa Stechford hadi wa Longbridge.

"Tutoe nyama kwanza," Cleopas alisema.

"Tuitoe tuiweke wapi? Iyeyuke mkiwa mnatafuta pa kuiweka? Mtoe, mshushe, mpakie, mrudishe tena. Funga mfuniko na tepu, shusheni, twende."

"Ni nzito, Mama Brigid."

"Ngazi zinashuka, Baba Brigid. Haitaki kubebwa, inataka kuongozwa tu."

Lilisikika kama neno la akili. Hata yeye alilipenda. Kazini kwake, katika nyumba ya kutunzia wazee, ni yeye aliyewafundisha wafanyakazi wapya namna ya kuinua na kuhamisha watu: punguza mzigo, tazama unapokanyaga, panga kabla hujagusa. Alikuwa akiyasema hayo mwaka baada ya mwaka, kwa sauti ya mtu asiyependa kurudia. Lakini gari lilitakiwa kurudishwa mchana, na yeye alikwisha choka kuitazama nyumba tupu.

Wakafunga kamba ya manila kuizunguka friza ubavuni kwa urefu, chini ya mfuniko. Wakatandika blanketi chini yake ili iteleze. Léopold akabaki juu akishika kamba, Angeline nyuma yake akishika mkia wa kamba hiyohiyo. Cleopas akatangulia chini, uso ukielekea juu, mikono kwenye pembe za friza.

Ngazi za nyumba ile zilipita katikati ya kuta mbili kama handaki, moja kwa moja bila kona, zikaishia kwenye ukuta wa matofali. Ukifika chini unapiga hatua moja na kugeuka kuingia sebuleni. Usipogeuka, unaukuta ukuta.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Blanketi liliteleza juu ya rangi mpya, kipandio baada ya kipandio, tap, tap, na Léopold akawa anaachia kamba kidogokidogo, akisema polepole kwa Kifaransa, "Doucement, doucement." Walipofika katikati Cleopas akasema, "Ngoja. Nibadilishe mkono."

Léopold akaikaza kamba papo hapo.

Friza ikasimama. Nyama haikusimama. Angeline aliisikia ndani ya sanduku lile ikiendelea na safari, mifuko yote ya mawe ikiserereka upande wa chini, kisha ikagonga kwa kishindo kilichotikisa ukuta. Kamba ikakimbia kwenye viganja vya Léopold. Friza ikaruka vipandio viwili, na Cleopas akarudi nyuma nayo, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga, akaipokea kwa bega na kifua. Ikatulia.

Kisha Cleopas akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeishika."

"Ondoka hapo," Angeline alisema.

"Siwezi."

Akainama pembeni ya Léopold aone. Mumewe alikuwa amelala mbele kama mtu anayesukuma gari lililokwama topeni. Bega lake lilikuwa kwenye friza, goti la kulia limebanwa kati ya friza na ukuta. Uzito wote uliokuwa ukimjia ulipita mwilini mwake na kuishia kwenye mguu wa kushoto, uliokuwa umenyooka nyuma yake kwenye kipandio kilichofuata kwa chini. Kisigino kilikuwa hewani. Ni vidole tu na nusu ya unyayo vilivyokuwa kwenye mbao, ndani ya soksi nyeusi, juu ya rangi ya kung'aa.

Angeline akaitazama ile soksi.

"Léopold, vuta."

"Niko navuta, Mama Brigid. Kamba iko nanikata mikono. Iko nguvu sana."

Wakavuta wote wawili hadi misuli ya shingo ikasimama. Friza haikupanda hata unene wa kucha. Walichoweza ni kuizuia isishuke zaidi, na hata hicho walikifanya pamoja na Cleopas, watatu dhidi ya mbuzi wawili na sanduku la chuma.

"Mum?" Brigid alikuwa ametokea chini, kwenye kona ya sebule. Alikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi chuo kikuu, na Kiswahili alikielewa chote ila alijibu kwa Kiingereza, kama walivyo wengi waliozaliwa Birmingham. Aliangalia juu, akaona mgongo wa baba yake, akaelewa.

"Rudi nyuma," Angeline alimwambia. "Piga simu zimamoto. Usisimame hapo."

Brigid akapiga. Sauti yake ilitoka sebuleni ikitaja mtaa, namba ya nyumba, friza, baba. Kisha akarudi kwenye kona na simu sikioni.

"Wanakuja. Wanasema mtu yeyote asikae chini yake."

"Waambie yupo mmoja tayari," Cleopas akasema. Akajaribu kucheka na cheko likamkatikia njiani, na katika kukatika huko mwili wake ukatikisika. Soksi ikarudi nyuma kidogo. Angeline aliiona.

"Usicheke," akamwambia. "Usiongee. Pumua tu."

"Angeline."

Hakuwa akimwita hivyo. Tangu Brigid azaliwe alikuwa Mama Brigid, nyumbani, kanisani, hata kwenye simu. Jina lake tupu kinywani mwa mumewe lilimtisha kuliko kishindo cha nyama.

"Nini?"

"Mguu unateleza."

"Naona."

"Nikiusogeza niupange upya, inanijia. Nisipousogeza unatoka."

Brigid alikuwa ameanza kuongea haraka, kwa Kiingereza chake. "Mum, isianze kusogea. Ikiwa imetulia mnaweza kuishika, lakini ikishaanza kwenda, kuisimamisha kunataka nguvu zaidi. Msuguano wa kitu kinachoteleza ni mdogo kuliko wa kitu kilichotulia, na hapo ina mwendo wake juu ya uzito..."

"Brigid. Niambie nifanye nini, usinisomee."

Msichana akauonyesha mguu wa baba yake kwa kidole. "Kinachomzuia Daddy ni kile kipandio kuusukuma mguu wake. Yeye anasukuma mbao, mbao inamsukuma. Kwenye rangi hiyo haiwezi, inateleza. Inatakiwa awe na kitu cha kukanyagia nyuma ya mguu. Kizito. Kisichosogea."

Angeline akaona sebule kichwani mwake, boksi kwa boksi, jinsi alivyoipanga mwenyewe asubuhi. "Gunia la mchele," akasema.

Lilikuwa gunia kubwa, lililonunuliwa kwa ajili ya kesho. Likiwekwa kwenye kipandio kilicho chini ya mguu wa Cleopas, lingefika sawa na unyayo wake na kumpa kisigino pa kuegemea. Lakini mtu wa kuliweka ilikuwa lazima apande ngazi zile kutoka chini. Léopold hakuweza kuachia kamba. Angeline mwenyewe hakuwa na pa kupita, kwa kuwa friza ilijaza njia karibu ukuta kwa ukuta. Alibaki Brigid.

"Hapana," Cleopas akasema. Alikuwa amefika palepale alipofika mkewe. "Huyo mtoto asije hapa. Brigid, kaa mbali."

Simu ilisikika ikiongea mkononi mwa Brigid, sauti ya mwanamke mtulivu ikirudia kwamba mtu yeyote asikae chini ya mzigo.

Angeline alimtazama binti yake kupitia nafasi nyembamba kati ya friza na ukuta. Kisha akaitazama soksi. Kidole gumba kilikuwa bado ndani ya ukingo wa kipandio. Vidole vidogo vilikuwa vimeshatoka.

Kama angekuwa kazini, mfanyakazi mpya akamuuliza, angejua jibu. Humwingizi mtu wa pili mahali ambapo wa kwanza amekwama. Alilisema jibu hilo kila mwaka, wengine wakiandika.

"Brigid," akasema. "Vua soksi. Pekupeku. Libebe gunia, usiliburute. Likipasuka mchele ukamwagika kwenye ngazi, tumekwisha. Liweke, libane na mguu wa baba yako, kisha ushuke na ugeuke. Usisimame kumtazama. Umenisikia?"

"Yes."

"Mama Brigid, nimesema hapana," Cleopas akasema.

"Nimekusikia. Léopold, mimi naacha mkia wa kamba sasa. Shika peke yako mpaka arudi."

"Niko nashika," Léopold akasema. Alikuwa ameketi chini, miguu ameibana kwenye kuta mbili, kichwa ameinamisha. Damu ilikuwa imeanza kulowanisha kamba. "Mungu ananisaidia. Lakini fanya mbio."

Angeline akageuka akaanza kazi. Chuma cha ubavu wa kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta. Mlango wa bafu ulitazamana na ngazi, na chuma kilikuwa kirefu kuliko upana wake. Akakiingiza bafuni, akakilaza kwa upana, ncha moja kila upande wa mlango, ili kikivutwa kikamate kuta badala ya kutoka. Akazungushia mkia wa kamba, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akikaza kila mzunguko kwa goti.

Chini alisikia pumzi ya Brigid ikipanda, nzito, na miguu mitupu ikigusa mbao. Hakuangalia. Akazungusha tena. Akasikia gunia likitua. Akasikia Brigid akisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa ameisema kwa hiari tangu akiwa mdogo, "Baba, kanyaga hapa. Kisigino. Kanyaga."

"Nenda," Cleopas akamwambia. "Nenda, mama, nenda."

Miguu mitupu ikashuka mbio.

"Nimefika," Brigid akasema kutoka sebuleni.

"Umekanyaga, Baba Brigid?"

"Nimekanyaga. Uko imara."

Akafunga fundo. "Sasa, Léopold, achia. Polepole. Usiachie kwa ghafla."

"Itakamata?"

"Itakamata."

Hakuwa na hakika. Léopold akaachia vidole kimoja baada ya kingine. Kamba ikanyooka, ikalia kama mlango wa zamani, mizunguko ikajibana kwenye chuma, na chuma kikagonga kuta za mlango kwa nguvu hadi plasta ikadondoka. Friza ikashuka upana wa kidole. Cleopas akatoa sauti kooni. Gunia likasagika.

Kisha kila kitu kikasimama.

Walisubiri, wakiitazama kamba. Haikusogea. Léopold akaiondoa mikono kabisa, akaigeuza viganja juu, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Bon," akasema. "Sasa tutoe ile nyama."

Hakusema kwa dhihaka. Angeline angefurahi kama angesema kwa dhihaka.

Alishuka vipandio vya juu akiwa ameshikilia kuta ili asiweke hata mkono juu ya friza, akabandua tepu, akainua mfuniko na kuuegemeza ukutani. Baridi ikamgonga usoni. Mifuko yote ilikuwa imerundikana kule chini, upande wa Cleopas, na mkono wake haukufika. Kuinama zaidi ilikuwa ni kuulaza mwili wake juu ya sanduku, kumwongezea mumewe kilo alizokuwa akizikana kila akipima.

"Mwavuli," akasema. "Mlangoni bafuni."

Léopold akamletea. Ulikuwa na mpini uliopinda kama ndoano. Akaushika kwa ncha, akapeleka mpini chini, akanasa fundo la mfuko wa kwanza, akauvuta taratibu hadi mikononi mwake, akampa Léopold nyuma. Mguu wa mbuzi. Akarudi. Mbavu. Akarudi. Kila mfuko aliuvuta bila kuharakisha, kwa sababu sasa alijua kilicho ndani ya lile sanduku kikianza kukimbia kinafanya nini.

"Vipi huko?" akauliza bila kuinua macho.

"Inapungua," Cleopas akasema. "Endelea."

Mpini ukanasa kichwa cha mbuzi ndani ya mfuko, na mfuko ukachanika. Kichwa kikateleza kurudi. Angeline akakibana kwa mwavuli ukutani mwa friza kabla hakijapata mwendo. Akakiacha kikitulia hapo, akahesabu pumzi zake, akakinasa tena kwa shingo.

"Hicho kichwa cha nani?" Cleopas akauliza.

"Chako. Utakila chote kesho, na supu."

Léopold akacheka kwanza, ndani ya pua. Kamba ilikuwa imelegea kidogo kwenye chuma. Blanketi likaonekana tena chini ya friza mahali lilipokuwa limebanwa. Angeline akatoa mfuko mwingine, na mwingine, hadi mpini ukagonga chuma kitupu.

"Jaribu goti."

Cleopas akalivuta. Halikutoka. Akasukuma friza kwa bega, Léopold akavuta kamba kutoka juu, na safari hii ikapanda, unene wa mkono, kama kitu ambacho hakikuwahi kuwa na ubishi. Goti likatoka. Akashuka kinyumenyume, akigusa kila kipandio kwa vidole kabla ya kukikanyaga, akageuka, akaondoka kwenye njia. Angeline aliposikia Brigid akilia sebuleni, na sauti ya mumewe ikisema, "Basi, basi, nipo," alikaa chini juu ya ngazi zake za kijivu, mwavuli magotini, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa barafu.

Zimamoto walifika wakati huo. Mlango ulikuwa wazi. Wa mbele alikuwa kijana mwenye kofia ngumu na buti zilizofika karibu na magoti. Aliona viatu vilivyopangwa kwenye gazeti, akaona sakafu inayong'aa, akasita. Akainua macho hadi juu ya ngazi, akauliza kwa adabu kama anatakiwa kuvua.

"Ingia navyo," Angeline akasema. "Ingieni wote navyo."

Wakaishusha friza tupu bila shida, buti zikiacha alama kila kipandio. Mmoja akalisifu lile gunia, akauliza ni nani aliyeliweka. Brigid hakujibu. Angeline akamjibu kwamba aliyeamuru ni yeye, na akabadilisha mazungumzo.

Walipokwisha ondoka, Cleopas alikuwa ameketi juu ya boksi sebuleni, goti limevimba ndani ya suruali. Léopold alikuwa jikoni akiosha viganja na kumweleza Sylvie kwenye simu kwamba nyama iko salama, na kwamba mengine atayasema akifika. Angeline akaenda mlangoni, akachukua viatu vya mumewe kutoka kwenye gazeti, akarudi navyo hadi katikati ya sebule. Akapiga magoti mbele yake. Soksi ya kushoto ilikuwa imechakaa unyayoni, imebakia nyuzi. Akaivua, akaitia mfukoni mwake, akauingiza mguu mtupu ndani ya kiatu, akaanza kufunga kamba.

Cleopas alimtazama utosini kwa muda.

"Kwani leo barabara ya Selly Oak imeoshwa?"

Angeline hakuinua uso. Akakaza fundo, akalikaza tena.

"Lete mguu mwingine," akasema.